Unahamia mahali mtandao haushiki? Namna ya kutoka kwenye mkataba wa simu Marekani kabla ya muda

Ukihama ndani ya Marekani, hasa kutoka mjini kwenda kaunti za mashambani, simu huwa ya mwisho kukumbukwa. Watu hukata umeme, hubadili anwani posta, huwahamisha watoto shule, kisha wanafika nyumba mpya na kukuta simu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Bili nayo inaendelea kuja kila mwezi kama kawaida. Wauguzi waliopata kazi hospitali za vijijini, familia za Wakongo zilizofuata ajira kwenye viwanda vya nyama, vijana wetu waliojiunga na jeshi wakapangiwa kituo kipya, wote huuliza swali moja: naweza kuvunja mkataba bila kuumizwa?

Nianze na ukweli, maana kuna ushauri mwingi wa zamani unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kuhamia mahali pasipo na mtandao hakukupi moja kwa moja haki ya kisheria ya kutoka bure, isipokuwa uko jeshini. Kunakupa hoja nzito. Hoja hiyo ina nguvu ukiwa na ushahidi, ukijua unadaiwa nini hasa, na ukifuata mpangilio sahihi wa hatua. Wanaoumia ni wale wanaopiga simu kwa hasira na kusema "kateni laini yangu leo", halafu wiki ileile wanapata bili ya dola mia tano na namba yao ya miaka kumi imepotea.

Tenganisha laini, simu na namba

Kile tunachokiita "mkataba" ni vitu vitatu, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea.

Laini ni ile huduma ya mwezi: dakika, meseji, data. Miaka ya nyuma hapa ndipo palikuwa na kamba. Ulifungwa miaka miwili, na ukitoka mapema ulitozwa faini. Verizon walipandisha faini hiyo hadi dola 350 kwa simu janja mwezi Novemba 2009, ikipungua dola 10 kwa kila mwezi uliokaa. AT&T wakaweka dola 325 mwaka 2010. Mambo yalianza kubadilika 2013, T-Mobile walipoacha mikataba ya miaka miwili; Verizon wakafuata 2015, na AT&T mwanzoni mwa 2016. Kwa hiyo leo mteja wa kawaida anayeletewa bili kila mwezi anaweza kukata laini mwezi wowote. Faini ya aina ile utaikuta zaidi kwenye akaunti za biashara na mikataba michache maalumu, kwa hiyo kama laini yako iko chini ya jina la kampuni, soma karatasi kabla ya kuamini niliyoandika hapa.

Simu ndiyo kamba mpya. Ulipoichukua dukani ulisaini mkopo wa kulipa mdogo mdogo, kwa kawaida miezi 24 kwa T-Mobile na 36 kwa Verizon na AT&T. Mkopo huo hauhusiani na kama mtandao unashika au haushiki. Ni deni la kifaa.

Namba ni yako kuhama nayo. Kanuni za tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, zinakuruhusu kuipeleka kampuni nyingine, na haki hiyo kwa simu za mkononi ilianza Novemba 2003. Ni jambo lilelile Wakenya walilopata 2011 na Watanzania 2017, kuhama mtandao bila kubadili namba.

Sasa tazama jinsi "simu ya bure" inavyokubana. Tuseme ulichukua simu ya dola 900 kwa miezi 36. Kila mwezi bili yako inaandika dola 25 za simu, na chini yake mstari mwingine unaandika punguzo la dola 25. Wewe unaona sifuri, unaona ni zawadi. Punguzo hilo linalipwa mwezi kwa mwezi mradi laini iko hai. Ukihama baada ya miezi 14, imebaki miezi 22. Siku unayokata laini punguzo linakoma, na deni lote lililobaki, 22 mara 25, yaani dola 550, linaingia kwenye bili ya mwisho kwa mkupuo. Hakuna aliyekutoza faini. Umeambiwa tu umalizie simu yako. Ukipiga simu kulalamikia "faini ya kuvunja mkataba", mhudumu atakuambia kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna faini yoyote, na mazungumzo yataishia hapo. Ndiyo maana lazima ujue unaomba nini.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba mtandao haushiki kweli

Fanya hivi kabla ya kuhama kama unaweza, wakati ule unapokwenda kuangalia nyumba.

Fungua ramani ya FCC, broadbandmap.fcc.gov, andika anwani mpya, kisha chagua upande wa simu za mkononi. Ramani hii ilianza kutumika Novemba 2022 na inaonyesha kila kampuni inadai kufika wapi. Zingatia neno kudai. Makampuni yanatoa makadirio ya kompyuta, na makadirio hayo ni ya nje ya nyumba au ndani ya gari. Hayasemi lolote kuhusu chumba chako cha kulala chini ya paa la bati, au nyumba iliyo nyuma ya mlima. Kama ramani inasema mtandao upo na wewe huuoni, ramani yenyewe ina sehemu ya kupinga, na kuna programu ya FCC ya kupima kasi unayoweza kuitumia kama ushahidi.

Kisha nenda mwenyewe. Zima Wi-Fi. Simama jikoni, chumbani, barazani, barabarani. Piga picha ya skrini kila mahali, saa na tarehe zikionekana, na kama simu imeandika hakuna huduma, picha ihifadhi maneno hayo. Jaribu kupiga simu na iandike kama ilikatika. Fanya asubuhi na jioni. Picha hizi zitakusaidia kuliko dakika arobaini za kubishana kwa maneno.

Waulize majirani wanatumia kampuni gani. Jirani aliyeishi hapo miaka kumi anajua kuliko ramani. Lakini elewa jambo moja: Marekani ina mitandao mikubwa mitatu yenye minara, Verizon, AT&T na T-Mobile, na majina mengi ya bei nafuu unayoyaona yanapanga humohumo. Cricket iko kwenye minara ya AT&T. Metro na Mint ziko T-Mobile. Visible ni ya Verizon. Ukitoka Metro kwenda Mint kwa sababu mtandao haushiki, umebadilisha jina la bili tu. Baadhi ya makampuni hutoa eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, ya majaribio bila malipo kwa siku kadhaa. Simu ikikubali eSIM na haina loki (kizuizi cha kampuni kinachokataa laini za kampuni nyingine), weka hiyo pembeni ya laini yako uone nani anashika kwenye nyumba mpya kabla ya kuamua lolote.

Kuna sehemu ambazo hakuna atakayeshika, na ni vizuri kuzijua. Mpakani mwa Virginia na West Virginia kuna eneo la utulivu wa mawimbi ya redio lililowekwa mwaka 1958, maili za mraba zipatazo 13,000, ili kulinda vifaa kama darubini ya redio ya Green Bank katika Kaunti ya Pocahontas. Minara huko inabanwa na kanuni, na karibu na darubini simu ya mkononi ni kama tochi. Mtu akihamia huko, hoja yake kwa kampuni ni rahisi sana: hata mkitaka kunihudumia hamuwezi.

Jiandae kujibiwa kwamba utumie Wi-Fi kupiga simu. Hili ndilo jibu la kwanza utakalopewa, na si jibu baya. Kama nyumba ina intaneti nzuri, huenda shida yako ikaisha bila kuvunja chochote. Ila ukikubali njia hiyo, ingia kwenye mipangilio ya simu ubadilishe anwani ya dharura iwe ya nyumba mpya. Ukipiga 911 kupitia Wi-Fi, gari la wagonjwa linaweza kutumwa kwenye anwani iliyoandikwa pale. Familia imehamia Montana na anwani bado inasoma Dallas. Usiku mtoto akiugua, hilo ni jambo la uhai.

Hatua ya 2: Jua unadaiwa nini, kwa senti

Ingia kwenye akaunti yako uandike kwenye karatasi: deni lililobaki kwa kila simu, punguzo linalobaki na masharti yake, tarehe mzunguko wa bili unapoisha, na kama laini ni ya kwako peke yako au iko kwenye mpango wa familia. Hili la mwisho hukamata wengi. Mko wanne kwenye akaunti ya shemeji, wewe ndiye unayehama, ila mwenye akaunti ndiye pekee anayesikilizwa na kampuni. Lazima yeye apige, au akuweke rasmi kama mtu anayeruhusiwa kuzungumza. Pia angalia bei ya laini zitakazobaki, maana mpango wa laini nne ukishuka kuwa tatu, kila mmoja aliyebaki anaweza kulipa zaidi. Zungumzeni nyumbani kwanza.

Kama ulianza huduma majuzi tu, acha kusoma upige simu leo. Makampuni yaliyosaini kanuni ya maadili ya chama chao, CTIA, yameahidi muda wa majaribio usiopungua siku 14 ambao unaweza kutoka bila faini ya kuvunja mkataba. Simu utairudisha kwa masharti yake. Kanuni hiyohiyo inasema kampuni ikibadilisha masharti muhimu kwa namna inayokuumiza, inapaswa kukupa taarifa na siku zisizopungua 14 za kutoka bila faini. Kwa hiyo ile barua ya "tumebadilisha masharti" ambayo huwa tunaifuta bila kuisoma, isome.

Tafuta pia kifungu cha kuzurura, yaani kutumia minara ya kampuni nyingine ndani ya Marekani. Mikataba mingi inaipa kampuni haki ya kukusitisha kama sehemu kubwa ya matumizi yako iko nje ya mtandao wake. Ukihamia mahali ambapo simu inashika kwa kuazima minara ya wengine tu, kifungu hicho ni hoja yako: kwa maneno yao wenyewe, wewe si mteja wanayetaka kumhudumia pale. Kitaje.

Hatua ya 3: Piga simu, ukiwa umejipanga

Piga kabla ya kuhama kama tarehe inajulikana, ukiwa na mkataba wa nyumba mpya au barua ya kazi mkononi. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani mwanzoni kabisa. Uliza kama wana wa Kiswahili. Usimtume mtoto wa darasa la sita akutafsirie mambo ya deni.

Sentensi ya kwanza ni muhimu. Usianze na "nataka kukata laini". Sema: "Nahamia anwani hii tarehe hii. Ramani na vipimo vyangu vinaonyesha hamna mtandao pale. Sitaki mkate kitu chochote leo. Nataka kujua njia zilizopo." Mwambie aandike maneno hayo kwenye kumbukumbu za akaunti. Chukua jina lake, saa, na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo. Mhudumu wa kwanza kwa kawaida hana mamlaka makubwa. Omba kwa upole kuhamishiwa kitengo kinachoshughulika na wateja wanaotaka kuondoka. Hao ndio wenye uwezo wa kutoa kitu.

Kisha omba kimoja kimoja, ukianza na kikubwa:

Kama kuna faini, wafute kwa sababu hawawezi kutoa huduma kwenye anwani yako.

Kama hakuna faini ila kuna deni la simu, uliza kama wataendeleza punguzo, au watapunguza sehemu ya deni, au wataipokea simu yenyewe irudi. Wanaweza kukataa. Uliza hata hivyo, na jibu walitoe kwa maandishi.

Wakikataa, uliza kama unaweza kuendelea kulipa simu mdogo mdogo bila laini, badala ya mkupuo.

Uliza mpango wa bei ya chini kabisa ambao bado unalinda punguzo lako. Piga hesabu. Ukirudi kwenye mfano wetu: deni ni 550, imebaki miezi 22. Kama laini ya chini kabisa ni dola 40 kwa mwezi, kuishikilia ili kulinda punguzo kutakugharimu 880 kwa laini usiyoitumia. Afadhali ulipe 550 uondoke. Ikiwa imebaki miezi mitano tu, deni ni 125 na kusubiri ni 200. Bado kulipa ni nafuu. Mara nyingi hesabu inaangukia upande wa kulipa, na inashangaza jinsi watu wanavyoshikilia laini mfu kwa kuogopa neno deni.

Uliza kuhusu kuhamisha laini pamoja na mkopo wa simu kwa mtu mwingine, kwa mfano binamu aliyebaki mjini ambako mtandao uko sawa. Kampuni itamkagua rekodi yake ya mikopo kisha deni linakuwa lake kabisa. Fanya hivi tu na mtu anayeelewa anachosaini, na uliza kama punguzo litahama naye, kwa maana si lazima lihame.

Wakati huohuo ongea na kampuni inayoshika kule unakokwenda. Baadhi hulipa deni la simu la mteja anayehamia kwao, hadi kiwango fulani, kwa kadi ya malipo ya kabla baada ya kuwaletea bili ya mwisho. Masharti ni mengi na muda wa kupeleka bili ni mfupi. Omba yote kwa maandishi. Na kumbuka kwamba wakikupa simu mpya "ya bure" ndani ya ofa hiyo, umeingia kamba nyingine ya miezi 24 au 36.

Hatua ya 4: Wakikataa katakata

Andika. Barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza cha kawaida: jina na namba ya akaunti, anwani ya zamani na mpya, tarehe ya kuhama, picha za skrini na picha ya ramani, tarehe za mazungumzo na namba zake za kumbukumbu, na ombi lako kwa sentensi moja. Itume kwa njia ambayo kampuni imeitaja kwenye mkataba, na ubaki na nakala.

Kisha peleka malalamiko FCC, kwenye consumercomplaints.fcc.gov au kwa simu 1-888-225-5322. Ni bure, hayahitaji wakili. FCC huyapeleka kwa kampuni, na kampuni inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Malalamiko hayo hutua kwa watu tofauti na wale unaowapata kwenye foleni ya simu, nao huwa na uwezo wa kurekebisha bili. Andika bila matusi, ambatanisha ushahidi uleule. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako nayo hupokea malalamiko ya wateja. Mikataba mingi inakuzuia kufungua kesi ya kawaida na kukupeleka kwenye usuluhishi, ila kwa kawaida inaacha mlango wa mahakama ya madai madogo.

Kama uko jeshini

Hapa sheria iko upande wako kabisa. Sheria ya kuwalinda wanajeshi, SCRA, inamruhusu mwanajeshi aliyepewa amri ya kuhamia mahali kwa siku zisizopungua 90, ambako huduma hiyo haipatikani, kusitisha mkataba wa simu bila faini. Kuanzia 2018 imegusa pia intaneti na televisheni ya kulipia. Unapeleka taarifa ya maandishi au ya kielektroniki ikiwa na tarehe ya kusitisha, pamoja na nakala ya amri ya kijeshi. Pesa uliyolipa mbele kwa muda usiotumika irudishwe ndani ya siku 60. Kama utakuwa mbali kwa miaka mitatu au chini ya hapo, unaweza kuipata tena namba yako ukijiunga upya ndani ya siku 90 baada ya kurejea. Familia inayohama nawe kwenye mpango uleule inaingia humo. Bili uliyokuwa unadaiwa kabla ya kusitisha bado ni yako. Ofisi ya sheria ya kituo chako itakuandikia barua bure. Itumie, ndiyo kazi yake.

Hatua ya 5: Fungua loki, kisha hamisha namba. Usikate mwenyewe

Simu yenye loki haitakubali laini ya kampuni nyingine. Sheria ya 2014 iliruhusu kufungua loki, na makampuni makubwa yaliahidi kujibu maombi ndani ya siku mbili za kazi kwa simu zilizotimiza masharti. Sharti kubwa kwa kawaida ni simu iwe imelipwa yote. Kwa hiyo kama umeamua kulipa deni, lipa kwanza, omba loki ifunguliwe, ithibitishe kwa kuweka laini nyingine, ndipo uendelee.

Halafu namba. Laini ya zamani lazima iwe hai namba inapohama. Ukikata laini kwanza, namba inarudi kwa kampuni, na baada ya siku 45 kanuni zinaruhusu ipewe mtu mwingine. Huyo atapokea meseji za benki yako, za daktari, za shule. Kama umeshakata, piga muda huohuo uombe irudishwe.

Utahitaji namba ya akaunti, msimbo wa posta wa bili, na PIN ya kuhamisha namba. Kwa AT&T unapiga *PORT, kwa Verizon #PORT, kwa T-Mobile unaitoa ndani ya akaunti yako. PIN hii huisha muda baada ya siku chache, kwa hiyo iombe ukiwa tayari. Kama uliwasha kufuli la namba kujikinga na matapeli, lizime kwanza. Kisha mpe kampuni mpya maelezo hayo, uwaachie kazi. Kampuni ya zamani haiwezi kuizuia namba isihame kwa sababu unadaiwa. Deni litabaki, namba itaondoka. Namba ikihama, laini ya zamani inajifunga yenyewe. Fanya hili mchana wa siku ya kawaida, maana kuna muda mfupi ambapo simu mbili zinagawana huduma na 911 wanaweza kushindwa kukupigia ukikatika.

Ukiwa unarudi nyumbani Afrika

Kutoka Minneapolis kwenda Kisumu, au Houston kwenda Arusha, ni kuhama nje ya mtandao kwa maana kamili, na makosa yake ni ghali zaidi. Hakikisha loki imefunguka ukiwa bado Marekani, la sivyo simu ya dola elfu itakataa laini ya Safaricom au Vodacom.

Namba ya Marekani ndiyo inayopokea namba za siri za benki, za kodi, za akaunti ya hisa. Usiitupe. Njia ninayoipenda ni kuihamishia kwenye laini ya bei nafuu ya malipo ya kabla inayokubali Wi-Fi, uiwashe na kuijaribu ukiwa bado Marekani. Ukifika nyumbani, meseji za benki zitaingia kupitia Wi-Fi. Google Voice, huduma ya namba ya simu kupitia intaneti, nayo inapokea namba kwa dola 20 mara moja tu, lakini benki nyingi hukataa kutuma namba za siri kwenye namba za aina hiyo, kwa hiyo jaribu kila benki moja baada ya nyingine kabla ya kupanda ndege. Hata hivyo, badilisha njia ya uthibitisho kwenye benki iwe programu badala ya meseji pale inapowezekana.

Kwa walio Kanada

Kwenu mambo ni mepesi. Kanuni ya huduma za simu ya CRTC, tume ya mawasiliano ya Kanada, iliyoanza Desemba 2013, inasema ada ya kutoka mapema kwa aliyepewa simu haizidi sehemu ya bei ya simu iliyobaki, na inafika sifuri ndani ya miezi 24. Kuna siku 15 za majaribio, mkataba unakoma siku unayotoa taarifa, na tangu Desemba 2017 kufungua loki ni bure. Malalamiko yanakwenda CCTS, chombo cha kupokea malalamiko ya wateja wa simu. Mpangilio wa hatua ni uleule: pima, piga hesabu, hamisha namba kabla laini haijafungwa.

Hatua ya 6: Bili ya mwisho

Makampuni mengi hutoza mwezi mzima mbele na hayarudishi siku zilizobaki, hivyo panga namba ihame siku mbili tatu kabla mzunguko haujaisha. Usiufanye siku ya mwisho kabisa. Uhamisho ukichelewa utalipa mwezi mwingine.

Kabla namba haijahama, pakua bili zako za mwaka, maana akaunti ya mtandaoni inaweza kufungwa. Badilisha anwani na barua pepe ili bili ya mwisho ikufikie. Malipo ya kiotomatiki yaache mpaka bili hiyo ije uihakiki, au yazime na uweke tarehe kwenye kalenda ya kulipa mwenyewe. Ikija, linganisha kila mstari na karatasi uliyoandika hatua ya 2. Lipa usichokipinga, na upinge kwa maandishi kilichobaki.

Ukiacha bila kujibu, deni litauzwa au kupewa mkusanya madeni, na linaweza kukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka saba. Barua ya mkusanya madeni ikifika, unazo siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi na kudai uthibitisho, na mpaka akupe uthibitisho huo lazima asimamishe kukudai. Tuma kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, ambatanisha majibu ya FCC kama ulikwenda huko, na zile picha za skrini usizifute hata kama umeshabadilisha simu.